Blaise Pascal, mkristo aliyepima uzito wa maji

Katika makanisa yetu kuna wazazi wanaoingiwa na hofu mtoto anapochagua seksio ya hesabu na fizika. Wanasema atarudi kutoka chuo kikuu bila Biblia. Kuna pia vijana waliosikia kinyume chake shuleni, kwamba anayepima hana haja ya kuomba. Tumeona vema kuwasimulia wote maisha ya mtu ambaye jina lake limo katika kila daftari la fizika, maana msukumo hupimwa kwa paskali, lakini wengi waliojifunza jina hilo hawakuambiwa kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kupiga magoti.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 huko Clermont, mji wa Auvergne katikati ya Ufaransa, karibu na mlima Puy de Dôme, volkano iliyozimika zamani. Mama yake, Antoinette Begon, alikufa mtoto akiwa na miaka 3 tu. Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa hakimu wa mambo ya kodi. Hakuoa tena. Alibaki na watoto watatu, Gilberte aliye mkubwa, kisha Blaise, kisha Jacqueline, na mwaka wa 1631 akahamia nao Paris akaamua kuwafundisha yeye mwenyewe. Blaise hakukaa hata siku moja kwenye benchi la shule.

Baba alipenda hesabu, na kwa sababu hiyo hiyo aliwaficha watoto vitabu vyake. Aliogopa kijana atanogewa nazo na kuacha Kilatini na Kigiriki. Gilberte, aliyeandika baadaye maisha ya ndugu yake, anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 12 baba alimkuta sakafuni akichora kwa makaa, na tayari alikuwa amejitafutia peke yake kwamba pembe tatu za umbo la pembetatu, ukizijumlisha, ni sawa na pembe mbili za mraba. Dada anayempenda ndugu yake anaweza kutia chumvi kidogo, lakini ni hakika kwamba baba alikubali kushindwa, na mwaka wa 1640, kijana akiwa na miaka 16, alichapisha karatasi moja ya jiometria iliyowashangaza wataalamu wa Paris.

Mwaka huo familia ilikuwa imehamia Rouen, ambako serikali ilimpa Étienne kazi ya kusimamia kodi za Normandie. Usiku kucha mzee alikuwa akijumlisha tarakimu. Mwana akamwonea huruma, na kuanzia mwaka wa 1642 akaanza kutengeneza mashine ya magurudumu yenye meno, yenye uwezo wa kujumlisha na kutoa. Alijaribu mifano karibu 50 kabla ya kuridhika. Tangu miaka ile afya yake haikuwa nzuri tena. Kichwa kilimuuma, tumbo lilikataa chakula, na kuna wakati miguu ilikosa nguvu kabisa.

Januari 1646 Étienne alianguka kwenye barafu na kuumia paja. Ndugu wawili waliojua kurudisha mifupa mahali pake walikaa nyumbani kwao miezi mitatu ili kumtibu, na jioni waliwapa vitabu. Walikuwa wafuasi wa kundi la Wakatoliki walioshika sana mafundisho ya Augustino, kwamba mtu haokoki kwa nguvu zake, anaokolewa kwa neema. Nyumba nzima iliguswa. Jacqueline, aliyekuwa na miaka 20, aliguswa zaidi kuliko wote, na tangu hapo alitaka kuwa mtawa.

Mwaka huo huo ndipo jambo la uzito wa maji na hewa lilipoanza. Kule Italia Torricelli alikuwa amejaza bomba la kioo kwa zebaki, akaliziba, akaligeuza ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama, na juu yake pakabaki nafasi. Nafasi hiyo ina nini? Walimu wakubwa, kwa kumfuata Aristotle, walishika kwamba pasipo na kitu hapawezi kuwapo, kwa hiyo lazima kuna hewa nyembamba au mvuke uliojificha. Pascal aliagiza kwa mafundi wa vioo wa Rouen mabomba yenye urefu wa futi 46, akayafunga kwenye mlingoti, akatumia maji na divai nyekundu. Kabla ya kuanza aliwauliza wapinzani watangulie kusema ni ipi itashuka zaidi. Wakasema divai, kwa kuwa ina mvuke mwingi. Bomba likainuliwa mbele ya watu, na divai ikasimama juu kuliko maji, maana ni nyepesi kuliko maji. Alifanya jambo lingine ambalo linatuhusu hapa: alipolilaza bomba la zebaki, zebaki iliingia zaidi ndani ya bomba, lakini kimo chake, ukikipima wima kutoka bakulini, kilibaki kile kile.

Basi ikiwa ni uzito wa hewa unaoishikilia zebaki, mtu akipanda mahali pa juu, penye hewa kidogo juu yake, zebaki lazima ishuke. Pascal alikuwa mgonjwa. Alimwandikia Florin Périer, mume wa Gilberte, aliyekaa Clermont, na tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda Puy de Dôme pamoja na mapadri na watu wengine wa kuaminika wa mji. Chini, katika bustani ya watawa, bomba moja liliachwa likilindwa kutwa nzima na mtawa mmoja, ili pasitokee mtu wa kusema kwamba labda hali ya hewa ilibadilika. Chini zebaki ilisimama kwenye inchi 26 na zaidi kidogo za Kifaransa. Kileleni ilikuwa inchi 23 na kidogo. Walirudia kipimo kileleni mara kadhaa, ndani ya kanisa dogo lililokuwa pale na nje yake, kwenye upepo na kwenye ukungu, na matokeo yakawa yale yale. Sisi tunaipenda sana habari ya yule mtawa aliyekaa bustanini kutwa akitazama bomba ambalo halibadiliki. Bila yeye safari ya mlimani isingethibitisha neno.

Kutoka hewa Pascal alirudi kwenye maji, na karibu mwaka wa 1653 na 1654 aliandika maandishi mafupi mawili, moja juu ya usawa wa vimiminiko na la pili juu ya uzito wa hewa. La kwanza linaanza na jambo ambalo hata leo mwanafunzi akiambiwa mara ya kwanza anakataa.

Tundika ukutani vyombo kadhaa vya maji. Kimoja kimesimama wima kama bomba la kawaida, cha pili kimeinama, cha tatu ni kipana mno kama pipa, cha nne ni bomba jembamba kama unyasi lakini chini limepanuka. Vyote viwe na tundu la ukubwa mmoja chini, na kila tundu lizibwe na kizibo. Sasa vijaze maji mpaka kimo kimoja. Ni kizibo gani kitahitaji nguvu nyingi zaidi ili kisisukumwe nje? Kila mtu anajibu: cha pipa, maana pipa lina maji mengi. Pascal anaonyesha kwamba nguvu ni moja kwa vyote. Upana wa chombo hauongezi kitu, na wembamba haupunguzi. Kinachohesabika ni kimo cha maji juu ya kizibo na ukubwa wa kizibo chenyewe.

Ili pasiwe na ubishi anaweka mizani. Kizibo kinafungwa kwa uzi kwenye mkono mmoja wa mizani, na mkono wa pili unabeba mawe ya uzito. Ikiwa chombo kipana chenye maji ya ratili 100 kinahitaji jiwe la ratili 100, basi bomba jembamba lenye maji ya wakia moja tu, yaani karibu gramu 30, likiwa na kimo kile kile na kizibo kile kile, nalo litahitaji jiwe la ratili 100. Kisha anaendelea, na hapa ndipo tunapoona akili yake ilivyokuwa. Maji yale ya wakia moja yakiganda yakawa barafu, bila kushikamana na kuta za chombo, jiwe la wakia moja linatosha kuishikilia. Leta moto, barafu iyeyuke, na mara moja utahitaji ratili 100 tena. Maji ni yale yale, hakuna tone lililoongezwa wala kupunguzwa.

Inawezekanaje? Kitu kigumu kinasukuma chini tu, kwa uzito wake. Maji yanasukuma kila upande: chini, pembeni na hata juu. Katika chombo chenye bomba jembamba juu na tumbo pana chini, maji ya bomba yanasukuma maji ya tumboni, na maji ya tumboni yanasukuma dari ya lile tumbo kwenda juu. Dari haiondoki, kwa hiyo inayarudisha chini, na msukumo huo unaongezeka juu ya kizibo. Katika chombo kilichopanuka kama faneli, mambo ni kinyume: kuta zilizoinama zimebeba sehemu kubwa ya maji, kama mabega yanavyobeba mzigo, na kizibo kinabeba tu maji yaliyo wima juu yake. Ukiweka chombo kizima juu ya mizani, mizani itaonyesha uzito wa kweli wa maji yote, mengi au machache. Wengi huchanganya mambo haya mawili, msukumo juu ya kizibo na uzito wa chombo kizima.

Pascal hakuwa wa kwanza kuligundua. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges aliyefanya kazi Uholanzi, alikuwa ameliandika katika kitabu cha mwaka wa 1586. Kazi ya Pascal ilikuwa kulipa sababu moja inayoeleza yote, kwamba msukumo unaotiwa mahali pamoja katika kimiminiko kilichofungwa hufika kila mahali bila kupungua. Kutoka hapo alichora chombo chenye matundu mawili, moja kubwa mara 100 kuliko lingine, kila moja likiwa na kizibo kinachoteleza, na akasema mtu mmoja anayesukuma upande mdogo atawatosha watu 100 wanaosukuma upande mkubwa. Jeki ya mafuta inayoinua lori barabarani ni chombo hicho. Ile hadithi ya vitabu vya shule kwamba alipasua pipa kwa kusimamisha juu yake bomba refu jembamba na kumimina maji kidogo, haimo katika maandishi yake, ingawa inafuata kanuni yake barabara.

Mwingereza Robert Boyle, aliyekuwa naye mkristo wa dhati, alimheshimu lakini alilalamika. Pascal aliandika habari ya mtu aliyeketi chini ya maji yenye kina cha futi 20 huku ameshikilia bomba kwenye paja lake, na Boyle akauliza ni nani angekaa kule bila kupumua. Alikuwa na haki. Mengine katika maandishi yale Pascal aliyapima kwa akili na si kwa mikono.

Nasi tunaochota maji mtaani tunayaona haya kila siku. Tanki pana lililowekwa chini linatoa maji kwa unyonge, na tanki dogo lililo juu ya mnara linasukuma vizuri mpaka robine ya mwisho. Kila mita 10 za kimo ni karibu kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Kamati ya maji ya kanisa yenye pesa kidogo ijiulize kwanza shida yake ni ipi. Ikiwa maji hayana nguvu, wajenge mnara. Ikiwa yanaisha mapema, hapo ndipo wapanue tanki.

Turudi kwa mtu wenyewe. Étienne alikufa Septemba 1651. Jacqueline alitaka kuingia utawani Port-Royal na kutoa fungu lake la urithi kwa nyumba ile. Blaise alikataa. Alimpenda dada yake, alimtegemea katika ugonjwa, na pia alitaka mali isiondoke. Alizuia kwa maneno ya sheria, na Jacqueline akaumia sana. Januari 1652 dada aliingia hata hivyo, na mwaka uliofuata ndugu akalegea na kutoa. Tunalitaja kwa sababu wale wanaomsifu Pascal hulipita haraka, na kwa sababu familia za wakristo waliotengana juu ya urithi zipo katika kila kanisa letu.

Miaka iliyofuata alikaa na marafiki wa Paris na kubadilishana barua na Fermat juu ya hesabu za bahati. Ndani yake alikuwa mkavu, na alimweleza Jacqueline hivyo. Kisha usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia karibu saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu, jambo lilimpata. Hakumsimulia mtu. Aliliandika kwenye karatasi kwa maneno mafupi, akinakili pia kwenye ngozi: moto, furaha, machozi, na Mungu wa wazee wa Biblia, ambaye hoja za wenye hekima peke yake hazimfikishi mtu kwake. Alizishona ndani ya koti lake.

Hapa inafaa tuseme wazi. Pascal alizaliwa Mkatoliki na akafa Mkatoliki. Adui zake waliwashtaki watu wa Port-Royal kwamba ni Wakalvini waliojificha, naye aliandika kumpinga Calvin. Tusimwibe. Lakini barua 18 alizozichapisha kwa siri mwaka wa 1656 na 1657, akiwakemea walimu wa maadili waliolegeza dhambi mpaka kila mwenye cheo akapata udhuru, mchungaji yeyote wa kwetu anaweza kuzisoma na kuona aibu yake mwenyewe. Roma iliziweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Na wale wazazi tuliowataja mwanzoni? Pascal alitenganisha mambo kwa makini. Katika habari za Mungu, alishika, mamlaka ya Maandiko yanatangulia, na mwenye kuleta mafundisho mapya ajihadhari. Katika habari za maji, hewa na nyota, walimu wa kale hawana haki ya kutufunga mdomo, maana wao walikuwa watoto wa ulimwengu na sisi tumeona zaidi. Aliwalaumu watu wa siku zake kwa kugeuza mambo haya, wakiwa waoga katika fizika na wajasiri katika theolojia. Tukisikia leo mhubiri anayebuni mafundisho kila wiki na kumkataza kijana maabara, tunaona lawama ile bado haijazeeka.

Lakini hatuwezi kumfanya shahidi rahisi. Baada ya usiku ule maandishi ya maji yalilala sandukuni. Mwaka wa 1658, akisumbuliwa na jino, alirudi kwenye jiometria kwa muda, na mwaka wa 1660 alimwandikia Fermat kwamba ingawa ni kazi nzuri kuliko zote, ni ufundi tu. Wakati huo hakuweza kutembea bila fimbo. Alivaa mkanda wenye miiba chini ya nguo na kujibana nao kila alipoona kiburi kinainuka, na alijikataza kuonja utamu wa chakula. Sisi hatumfuati katika hayo. Kuijua kazi ya mikono ya Mungu hakukuhitaji kulipiwa kwa namna ile, na tunadhani hesabu zake zilikuwa sala pia, ingawa mwenyewe hakuthubutu kuziita hivyo.

Jacqueline alikufa Oktoba 1661, akiwa amelazimishwa kutia sahihi karatasi iliyoumiza dhamiri yake. Blaise alimfuata upesi. Machi 1662 alianzisha pamoja na marafiki magari ya farasi ya Paris yenye njia maalumu na nauli ya sol 5 kwa kila abiria, na alitaka faida yake itangulizwe kwa maskini wa Blois waliokuwa na njaa. Nyumbani kwake alikuwa amepokea familia maskini, na mtoto wao akapata ndui. Badala ya kumtoa mtoto mgonjwa, yeye mgonjwa zaidi alihama akaenda kwa Gilberte. Aliomba alazwe katika hospitali ya maskini wasiopona ili afe kati yao, na madaktari wakakataa. Alikufa saa saba ya usiku, tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39.

Siku chache baadaye mtumishi alihisi kitu kigumu ndani ya koti, akafumua, akaikuta ile karatasi na ile ngozi. Mwaka wa 1663 Florin Périer, yule aliyepanda mlima, alitoa sandukuni maandishi juu ya maji na hewa akayachapisha katika kitabu kimoja, pamoja na michoro ya vyombo vya kila umbo na ya mtu aliyeketi chini ya maji na bomba lake. Vipande vya karatasi alivyokuwa anaviandaa kwa ajili ya kuitetea imani, vingi vimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa uzi mafungu mafungu, vilichapishwa na marafiki zake mwaka wa 1670.